Jiwe Kutoka Handakini

Mdogo wangu alipotuambia kwamba anakwenda Japani kutoboa mlima, mama alikuwa mezani anachambua maharage, na hakuacha kuchambua. Ilikuwa Pasaka. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga nyumba Shively, upande wa kusini-magharibi wa Louisville, na mama alikuwa akiishi nasi. Mdogo wangu alikuwa amekuja kutoka Columbus, ambako alikuwa anamaliza shahada ya pili ya uinjinia. Alieleza polepole, kama mtu aliyefanya mazoezi njiani. Kuna kisiwa chenye milima mikali. Kampuni moja inajenga barabara mpya huko, na barabara hiyo itapita ndani ya mlima. Profesa wake amempendekeza. Atakaa miaka miwili, labda na zaidi.

"Huo mlima umewakosea nini?" mama aliuliza.

"Haujawakosea, mama. Nyuma yake kuna vijiji."

"Na watu wa vijiji hivyo wanapita wapi siku zote?"

"Wanapita pembeni ya mlima, juu ya bahari. Mvua ikinyesha sana njia inaporomoka, wanabaki wamefungiwa."

Mama alikusanya takataka za maharage kwenye kiganja. "Haya, baba," alisema. Alimwita baba tangu alipokuwa mchanga, kwa sababu alichukua uso wa babu yetu. "Kila nikifika mahali nikasema sasa nakaa, mmoja wenu anasimama."

Mume wangu ni Mkongomani wa Kivu, mtu asiyependa kimya cha mezani. "Bon, Japani haiko mbali," alisema. "Ni ndege mbili tu."

Sisi ni Warundi. Mimi niliingia Tanzania nikiwa nimeshikwa mkono. Mdogo wangu alizaliwa kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, na mpaka tunapanda ndege kuja Marekani alikuwa hajawahi kuona mji. Baba alikuwa kibarua wa barabara ya kambi. Kila baada ya mvua alitoka na wenzake, majembe na toroli, wakafukia mashimo ili malori ya chakula yapite. Kanisani kwetu Louisville watu walipenda kusema kijana amesomea barabara kwa sababu baba yetu alifariki gari la wagonjwa likiwa limekwama matopeni. Sijui hadithi hiyo ilianzia wapi. Baba alifariki kiangazi, kitandani, hospitali ya kambi, na barabara ilikuwa kavu na nzuri, kazi ya mikono yake mwenyewe. Mdogo wangu alisomea barabara kwa sababu alipenda kuchimba. Akiwa mdogo alichimba nyuma ya nyumba yetu ya udongo mpaka ukuta ukainama. Akachapwa. Kesho yake akaenda kuchimba nyuma ya nyumba ya jirani.

Columbus alipanga chumba karibu na chuo kikuu, kwenye nyumba ya zamani ya matofali aliyoishi na wanafunzi wenzake wa Kiafrika, ngazi zake zikilia kila ukikanyaga. Siku zangu za mapumziko niliendesha gari hadi huko kumpelekea isombe, kisamvu cha kwetu, na maharage. Dirishani, pale ambapo watu wengine huweka maua, alikuwa amepanga vipande vya mwamba. Alinipa nishike kimoja kimoja, akaniambia huu ulibanwa, huu ulipikwa na joto la chini, huu ulikuwa matope ya baharini. Nilivipokea na kusifu, kama nilivyozoea kupokea picha za watoto wa wenzangu. Nilikuwa sijapata mtoto. Ndoa yetu ilikuwa imekomaa, na wanawake wa kanisani walikuwa wameacha kuniuliza, jambo lililoniumiza kuliko yale maswali.

Alipoondoka tuliongea kwa simu asubuhi, mimi nikifunga viatu kwenda ghalani ninakopakia maboksi, na kwake jua likizama. Siku ya kwanza alipogeuza simu kutuonyesha milima, mama aliivuta karibu na uso.

"Hii ni Burundi," alisema. "Mbona unatudanganya?"

Kweli ilikuwa kama kwetu: mteremko juu ya mteremko, mashamba yamekatwa ngazi ngazi, ukungu umelala mabondeni. Ila chini, mahali ambapo kwetu pangekuwa na mto, palikuwa na bahari.

Alitutembeza kijijini. Nyumba nyingi zilikuwa zimefungwa, mbao zimepigiliwa madirishani. Shule ilikuwa imefungwa pia, na nyasi zilikuwa zimepanda hadi kwenye magoli ya uwanja wa mpira. Waliobaki walikuwa wazee. Jirani yake alikuwa bibi kizee aliyepinda mgongo kabisa, akilima machenza kwenye vile vipande vya ngazi. Mara kwa mara mdogo wangu alirudi kazini akakuta mfuko wa machenza umening'inizwa kwenye kitasa chake. Kijapani chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini yule bibi alimwongelesha kana kwamba anaelewa yote.

"Kama mama na manesi wa huko," aliniambia. Mama huwaongelesha Kirundi manesi wote wa Louisville, na husema wanamwelewa vizuri.

Kazi yake ilikuwa kupima. Walikuwa wakichimba mlima kutoka pande mbili, wanatoboa matundu kwenye mwamba, wanajaza baruti, wanalipua, wanazoa vifusi, kisha wanapulizia zege ukutani kabla mwamba haujaanza kumeguka. Baada ya hapo yeye hupita na vyombo vyake, kwa sababu ukuta wa handaki husogea. Husogea kidogo mno, jicho halioni, lakini usipopima unaweza kuzika watu. "Mlima unahema, dada," alisema. "Sisi tunausikiliza kama unahema vizuri."

Mlangoni mwa handaki walikuwa wamejenga kijibanda kidogo cha ibada, na kila asubuhi wafanyakazi waliinamisha vichwa mbele yake kabla ya kuingia. Jambo hilo lilimsumbua. Sisi ni walokole. Alimuuliza mama afanye nini.

Mama alifikiri. "Wanamwomba nani?"

"Roho ya mlima. Wanasema ni mwanamke, ana wivu. Zamani mwanamke hakuruhusiwa kabisa kuingia handakini."

"Hata huko," mama alisema. Kisha akamwambia, "Simama nao, vua kofia, uombe kwa Mungu wako kimoyomoyo. Usiwaache waingie peke yao." Sikutegemea jibu hilo kutoka kwake, na nililipenda.

Nilipopata mimba, baada ya mume wangu nilimwambia mdogo wangu, kabla ya mama, kwa sababu mama angewaambia waumini wote kabla ya Jumapili. Uso wake ulitoka kwenye kioo cha simu. Nikaona ukuta wa chumba chake na koti la kazi lililotundikwa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. Aliniambia kwamba wenzake wana desturi moja. Pande mbili za handaki zinapokutana, mawe ya pale walipokutania hutunzwa, na hupewa wanawake wajawazito. Mlima umepitika, kwa hiyo na mtoto atapita kwa urahisi.

"Na wewe unaamini?" nilimuuliza.

"Mimi ni injinia," alisema. "Nitakutumia moja."

Siku ya kukutana alituma video. Moshi na vumbi, halafu mwanga wa taa kutoka upande wa pili, halafu watu wenye kofia ngumu wanapita kwenye uwazi wakishikana mikono, wazee wengine wa kazi wanafuta macho. Alichokumbuka zaidi, aliniambia, ni upepo. Miezi yote ile hewa ya handakini ilikuwa imesimama, inanuka mafuta na baruti. Walipotoboa, upepo wa bahari ukapita kutoka upande hadi upande.

Jiwe lilifika kwa posta, limefungwa kwenye kitambaa cheupe. Lilikuwa la kijivu, lenye mshipa mweupe, ukubwa wa yai. Mama hakutaka lilale ndani.

"Jiwe halizalishi mtu," alisema. "Tumeokoka."

"Ni zawadi tu, mama, kutoka kwa mwanao."

"Zawadi ni shali."

Lakini hakulitupa. Nililiweka kwenye droo, juu ya nguo za mtoto, na mara mbili tatu nilimkuta mama amelishika, akiligeuzageuza kama mtu anayepima kiazi sokoni.

Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa nane nilipotambua kwamba mtoto hachezi. Nilikuwa kazini. Nilisimama kando ya mkanda wa maboksi nikimsubiri. Nikanywa maji baridi, kama tulivyofundishwa kliniki, nikamsubiri tena. Msimamizi wangu, mama mmoja mtaratibu wa hapohapo Louisville, alinitazama mara moja tu akaniambia nenda. Mume wangu alinikuta hospitali bado amevaa aproni ya kiwandani kwao. Walinipaka yale mafuta baridi tumboni, wakapitisha mashine hapa na pale, na daktari akamwita daktari mwingine. Nilijua walipoanza kuongea polepole. Watu hawaongei polepole namna ile wakiwa na habari njema.

Nilipaswa kumzaa. Hilo sikuwa nalijua. Nilidhani watanilaza, nikiamka yameisha. Walinipa dawa ya uchungu, na uchungu ukaja uleule ambao wenzangu walinisimulia, haukupunguzwa chochote kwa kuwa hapakuwa na mtoto wa kulia mwishoni. Mama alikuwa kichwani kwangu, akisali kwa Kirundi. Mume wangu alishika miguu yangu na kurudia, "Kaza, mama yangu. Kaza kidogo." Mtoto hakuchelewa. Alitoka upesi, wa kiume, mzima wa viungo vyote, kitovu kimemzunguka shingoni. Nesi alinifuta jasho. Alikuwa msichana mwema, na nadhani alikuwa akitafuta neno lolote la kunipa. Akaniambia nimezaa kwa urahisi sana.

Huku hatuchimbi makaburi wenyewe. Tulipofika makaburini tulikuta shimo limekwisha kuchimbwa na mashine, na udongo umefunikwa kwa zulia la kijani ili tusiuone. Mume wangu alikuwa amekuja na mikono yake mitupu, mtu aliyewazika wazazi wake Kivu kwa jembe. Alilitazama lile zulia muda mrefu. "Hata udongo banatuficha," alisema. Mchungaji aliomba kwa ufupi. Jeneza lilikuwa dogo, mume wangu alilibeba peke yake, na nilimwona anatembea kama mtu anayeogopa kumwaga maji.

Mdogo wangu hakuja. Wiki ileile tufani ilikuwa imepiga kisiwani, ile barabara ya zamani ya juu ya bahari ikakatika, na vijiji vikafungiwa. Handaki lilikuwa bado halijakamilika, kuta zake hazijavalishwa zege la mwisho, lakini ndiyo njia pekee iliyobaki, na kampuni iliwataka wapimaji wote wabaki kuangalia ukuta wakati wazee wakitolewa kupitia mle. Niliyaelewa hayo yote. Nilimwambia namwelewa.

Alipopiga simu tena nilikuwa nimelala sebuleni. Hakujua aulize nini. Akauliza, "Ilikuwa ngumu, dada?"

"Haikuwa ngumu," nilisema. "Nesi alisema nimezaa kwa urahisi."

Sikuwa na nia ya kumchoma. Ndilo jibu lililokuwepo. Simu yake iliangukia kitu fulani, nikaona dari ya chumba chake, na nikamsikia. Sijawahi kumsikia mwanaume akilia vile, hata baba alipofariki na yeye ni mtoto. Nilimwita, hakujibu, na mwisho mtandao ukakatika.

Mama aliondoa nguo za mtoto kwenye droo nikiwa usingizini. Na jiwe alilichukua. Sikumuuliza alilipeleka wapi, naye hakuniambia.

Baada ya hapo mdogo wangu alipiga simu kwa mama tu. Nilikuwa nikiosha vyombo, namsikia mama anamwambia dada yako hajambo, yupo hapa, nikupe? Kisha kimya, kisha mama anasema, haya, siku nyingine. Nilirudi kazini. Wenzangu wa mkanda walikuwa wameambiwa, wakanipokea kwa upole uliopita kiasi, wananibebea maboksi mepesi. Mume wangu alianza kuchukua shifti za ziada Jumamosi, na tulipokuwa pamoja tuliongea habari za gari, za mvua, za kodi. Hatukugombana. Siku moja nilimkuta amekaa ndani ya gari mbele ya nyumba, injini imezimwa, mikono kwenye usukani. Nilifungua mlango wa upande wa pili nikakaa naye. "Weye ingia ndani, baridi," alisema. Nikakaa tu. Tulitoka pamoja giza lilipoingia.

Mwaka uliofuata barabara ya kisiwani ilifunguliwa rasmi, na mdogo wangu akapata kazi Amherst, nje kidogo ya Buffalo. Alitua Buffalo moja kwa moja, hakupitia Louisville. Wiki zikapita. Mama alingoja, kisha siku moja akaniwekea mezani unga wa muhogo, samaki wakavu na chupa ya mawese.

"Mpelekee," alisema. "Miguu yangu haifiki huko. Na asipokupokea wewe, hata mimi hanipokei tena."

Niliondoka alfajiri. Nilivuka mto Ohio, nikapita Columbus, na bila kukusudia nikakata kuelekea ule mtaa wa chuo. Kwenye dirisha lake la zamani mtu mwingine alikuwa ameweka bendera ya timu ya mpira. Sikusimama. Kutoka hapo niliendesha hadi ziwa likatokea kushoto kwangu, la kijivu, halina mwisho, na theluji ikaanza kuanguka kabla sijafika.

Alifungua mlango kabla sijabisha. Alikuwa amekonda, na alikuwa na mvi za kwanza, nyuma ya masikio. Alipokea mifuko, akaniuliza habari za njia, akapika ugali mwenyewe, laini mno, na samaki akamwunguza kidogo. Tulikaa jikoni. Kupitia dirishani Amherst ilikuwa imelala tambarare, nyumba na magari na miti mitupu, hakuna kilima popote.

"Hujaikumbuka milima?" nilimuuliza.

Akaanza kunisimulia habari za yule bibi wa machenza. Siku ile ya tufani, mdogo wangu ndiye aliyembeba mgongoni kutoka nyumbani kwake hadi kwenye gari, na bibi alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Walipita handakini polepole, maji yakidondoka kutoka juu. Yule bibi alikuwa hajawahi kuuona mlima kwa ndani, mlima alioishi chini yake maisha yake yote. Alinyoosha mkono dirishani, akagusa ukuta. Walimfikisha hospitali ya mjini, upande wa pili. Kisha mwanawe akaja kutoka mji mkubwa akamchukua, na hakurudi tena. Wengine wengi hawakurudi. Siku ya kukata utepe walikuja wakubwa na waandishi wa habari, na nyumba ya yule bibi ilikuwa imepigiliwa mbao. Machenza yalikuwa yameanguka yenyewe, yameoza kwenye ngazi.

"Barabara nzuri, dada," alisema. "Haina kasoro. Nilisimama pale mlangoni hadi mchana, yalipita magari machache tu, na mengi yalikuwa yanatoka."

Alisukuma sahani pembeni. "Lile jiwe," alisema. "Nilijua ni jiwe tu. Mimi ndiye ninayepima mawe. Lakini nilikuwa mbali, na huko sikuwa na kitu kingine cha kukutumia."

"Jiwe sikulilaumu."

"Ulinilaumu mimi."

"Nilikulaumu kwa kutokuja," nilisema. "Siku za tufani nilielewa. Baada ya tufani sikuelewa."

Alitazama mikono yake. "Ningeweza kuja. Njia zilifunguka, na bosi wangu alinipa ruhusa mwenyewe. Nilifunga mpaka begi. Niliogopa uso wako."

Hakuniomba msamaha kwa maneno, na sikumtaka aniombe. Nilikuwa nimechoka na safari, na ndani yangu kulikuwa na kitu kilichokuwa kimekazwa muda mrefu ambacho sasa kilikuwa kinalegea kwa maumivu, kama mguu uliokufa ganzi unapopata damu. Nililia. Alisogeza kiti chake karibu na changu, hakunishika, alikaa tu hapo bega kwa bega.

Baadaye aliuliza, "Mlimwita nani?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Kanisani walisema mtoto, hospitali waliandika jina la ukoo wa mume wangu, na mimi na mume wangu tulikuwa hatujalitamka tena tangu makaburini. Nikamwambia. Alilirudia kwa sauti ndogo, kwa lafudhi ya nyumbani. Kisha akaniuliza alifanana na nani, na nikaanza kumweleza: nywele zilikuwa nyingi na laini, masikio yalikuwa ya mume wangu kabisa, vidole vya miguu vilikuwa virefu, na kidevu sikujua kilikuwa cha nani, labda cha kwake mwenyewe. Mdogo wangu alisikiliza bila kunikatiza. Nilisema yote hadi mwisho. Nilikuwa sijawahi kufika mwisho mbele ya mtu.